Ndugu wa Kunyonya

Huku Pwani kuna mmea unaotambaa vichakani ambao watoto hawaziachi mbegu zake: nyekundu kama damu, zenye doa jeusi upande mmoja mithili ya jicho. Hutungwa shanga, na wapigaji huzitia ndani ya kayamba zikalia. Ni turituri. Kilichotusalimisha miaka yote hiyo ni ganda lake gumu, kwani mbegu ikimezwa nzima hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia, lakini ikitafunwa sawasawa, moja tu yaweza kumuua mtu. Sumu iliyomo wataalamu wanaiita abrini. Ina dada yake, risini, anayekaa ndani ya mbegu za mbarika.

Kwa sumu hizi mbili, wala si kwa virusi, ndipo historia ya kinga ya maziwa inapoanzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani Paul Ehrlich alikuwa akiwalisha panya biskuti zilizotiwa sumu hizo. Leo chembe, kesho chembe na ushei, keshokutwa zaidi kidogo. Baada ya majuma kadhaa panya wale walikuwa wakitafuna kiasi ambacho kingewaua wenzao papo hapo, nao wako wazima. Majike yakashika mimba, yakazaa, na vitoto navyo vikaonekana vina kinga. Swali likawa: wameipata wapi? Kwa baba, tumboni mwa mama, au kwenye ziwa?

Alichokifanya Ehrlich ni jambo ambalo bibi yeyote wa Pwani angelielewa bila kufafanuliwa. Alibadilisha wanyonyeshaji. Vitoto vya jike la kawaida alivipeleka kwa jike lenye kinga, na vya jike lenye kinga akavipeleka kwa jike la kawaida. Kwa Waislamu wa Mwambao, watoto wawili walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani, hata kama hawachangii tone la damu. Vitoto vya Berlin navyo vilifuata ziwa. Vya jike la kawaida vilivyonyonya kwa mwenye kinga vikastahimili sumu. Vya mwenye kinga vilivyonyonyeshwa na jike la kawaida, ile akiba waliyozaliwa nayo ikayeyuka upesi. Na baba? Baba hakurithisha kitu. Wanaume wenzangu watanisamehe, ndivyo majaribio yalivyosema, na Ehrlich aliyachapisha mwaka 1892.

Kosa lake lilikuwa dogo, na limesamehewa na wengi: alidhani kilicho kweli kwa panya ni kweli kwa binadamu. Kitoto cha panya kina utumbo unaoruhusu kingamwili za maziwa kupenya hadi kwenye damu kwa siku nyingi baada ya kuzaliwa. Mtoto wa binadamu hana mlango huo, au anao lakini umekwisha kufungwa. Kingamwili za damu yake alizipokea kabla, kupitia kondo, akiwa bado tumboni. Sasa za maziwa zinafanya kazi gani? Jibu lilichukua miaka 70.

Ng'ombe wako upande wa pili kabisa. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili hata kidogo, kwa hiyo ndama huzaliwa mtupu. Mwaka 1922, huko Princeton nchini Marekani, Theobald Smith na Ralph Little walieleza walichokiona walipowanyima ndama dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Kati ya ndama 12 walionyimwa, 9 walikufa, huku waliopewa wakinawiri. Wafugaji wetu wasingehitaji kusafiri hadi Princeton kuambiwa hivyo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayemwachia ndama dang'a mpaka ashibe, katika baadhi ya jamii zetu alikuwa tayari kumshauri mkwewe aikamue dang'a yake chini kwa sababu ni "maziwa machafu", na mtoto apewe maji ya sukari kwanza.

Mtu aliyeleta virusi katika habari hii ni Albert Sabin. Jina lake tunalijua kwa sababu ya yale matone mawili ya chanjo ya polio yaliyodondoshwa katika vinywa vyetu tukiwa wachanga, mama amekushika mikono na nesi amekubana mashavu. Lakini miaka zaidi ya kumi kabla ya matone hayo kuenea duniani, mwaka 1950, Sabin alitoa taarifa kwamba katika maziwa ya wanawake, na ya baadhi ya ng'ombe, kuna kitu kinachovizima virusi vya polio. Hakuwa bado amekipa jina. Alijua tu kwamba kipo.

Kejeli ikaja baadaye. Chanjo yake ilikuwa ya virusi hai vilivyodhoofishwa, ambavyo lazima viingie tumboni, viote kidogo, ndipo mwili ujifunze. Na kile kitu alichokigundua ndani ya maziwa kilikuwa tayari kimesimama mlangoni. Mwaka 1962 yeye na mwenzake wakaandika tena juu ya nguvu ya dang'a na maziwa dhidi ya virusi vya polio, safari hii kwa wasiwasi wa mtu anayetaka chanjo yake ipite. Wasiwasi huo haujafa. Chanjo ya virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto, ilipofanya kazi vizuri zaidi Ulaya na Marekani kuliko Afrika na Asia, watafiti waligeukia tena maziwa ya mama. Mwaka 2010 zililinganishwa sampuli za maziwa kutoka India, Vietnam, Korea Kusini na Marekani, na ya India ndiyo yaliyokuwa makali kuliko yote katika kuzizima chanjo hizo maabara. Kisha Afrika Kusini wakajaribu kuwaomba akina mama wasinyonyeshe kwa saa moja kabla na baada ya chanjo. Haikuleta tofauti. Watoto wakalia bure.

Kwa nini maziwa ya India yawe makali kuliko ya Marekani? Hapo ndipo panapohitaji kukaa kidogo, maana bila kuelewa jambo hili yote yatakayofuata yataonekana kama bahati nasibu.

Mwaka 1961, mjini Göteborg, Sweden, daktari wa watoto Lars Hanson alionyesha kwamba kingamwili nyingi za maziwa ya mama si zile zile za kwenye damu. Ni za aina inayoitwa sasa IgA, nazo zimeunganishwa mbili mbili na kuvishwa kipande cha ziada cha protini kinachozilinda zisimeng'enywe. Hazikukusudiwa kuingia kwenye damu. Zimetengenezwa zibaki kooni na tumboni mwa mtoto, zimshike mdudu kabla hajagusa ukuta. Hilo ndilo jibu ambalo Ehrlich hakuwa nalo.

Miaka 14 baadaye Hanson na wenzake wakapiga hatua nyingine. Wanawake wajawazito waliokuwa karibu kujifungua walimeza bakteria wa tumboni wasiodhuru. Walipojifungua, katika maziwa yao zikakutwa chembe hai zinazotengeneza kingamwili dhidi ya bakteria wale wale, ilhali damu haikuonyesha mabadiliko ya maana. Kwa hiyo askari walifunzwa kwenye utumbo wa mama wakahamishiwa titini, kama vile kituo kimoja kinavyofundisha walinzi na kuwapeleka lindo la mbali. Mama wa Manzese au wa Kibera, anayekunywa maji ya mtaa wake, anayebanana na watu kwenye daladala, anayefuta makamasi ya mtoto wa jirani, mwili wake unaandika kila anachokutana nacho. Kisha orodha hiyo anainyonyesha. Mtoto hapewi kinga ya dunia nzima. Anapewa kinga ya nyumba yake na uchochoro wake, ya msimu huu. Ndiyo maana maziwa ya mji wenye virusi vya rota kila kona yanakuwa makali kwa virusi vya rota.

Hivyo virusi vyenyewe viligunduliwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake katika hospitali ya watoto mjini Melbourne, Australia, walipochunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto wanaoharisha kwa hadubini ya elektroni. Vilionekana vya duara, kama gurudumu lenye njiti zake, ndipo vikaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu. Kabla ya chanjo kuenea, virusi hivyo vilikuwa vikiua watoto zaidi ya 400,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia Kusini. Na Australia hiyo hiyo ndiyo iliyotoa jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ni safi kuliko yote katika habari hii. Geoffrey Davidson na wenzake huko Adelaide waliwadunga ng'ombe wenye mimba virusi vya rota vya binadamu, wakakamua dang'a, wakawanywesha watoto waliolazwa hospitalini kwa magonjwa mengine. Wodi za watoto zinajulikana: unaingia na mguu uliovunjika, unatoka na kuharisha. Mwaka 1989 wakatoa hesabu. Kati ya watoto 65 waliopewa maziwa ya kawaida, 9 waliambukizwa. Kati ya 55 waliopewa dang'a ile, hakuna hata mmoja.

Angalia lakini kilichofanyika. Ng'ombe alifundishwa kwanza adui ni nani. Dang'a haikuwa "ya kuongeza kinga", maneno yanayopendwa na wauza vidonge. Ilikuwa ya adui mmoja, kwa siku chache, ndani ya wodi moja.

Kuna protini nyingine ya maziwa isiyohitaji kufundishwa, na hiyo ndiyo iliyowatia watu tamaa. Mwaka 1939 maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, ilichapisha kazi juu ya protini zilizomo katika yale majimaji yanayobaki maziwa yakishaganda. Waandishi walikuwa Søren Sørensen na mkewe Margrethe. Mume ndiye yule aliyetupa kipimo cha pH mwaka 1909, kinachotumiwa hadi leo kupima uchachu wa kila kitu kuanzia bia hadi udongo wa shamba, na mwaka huo huo wa 1939 akafariki. Katika kutenganisha protini za maziwa, moja iliwatokea yenye rangi nyekundu. Hebu fikiria: maziwa meupe pe, unayachuja na kuyachuja, na mwisho chini ya chombo kinabaki kitu cha rangi ya kutu.

Ni kutu kweli kwa namna fulani, maana wekundu ule ni madini ya chuma. Protini ile ina mikono miwili, kila mmoja hushika chembe moja ya chuma na kuing'ang'ania. Vita ikaja, maziwa mekundu yakasahauliwa. Mwaka 1960 maabara kadhaa kwa mpigo, Marekani, Sweden na Ufaransa, zikaipata protini hiyo ikiwa safi, katika maziwa ya ng'ombe na ya mama. Ikaitwa laktoferini. Halafu huko Ubelgiji Pierre Masson na Joseph Heremans wakagundua kwamba haimo kwenye maziwa tu. Imo katika machozi, mate, kamasi, na mwaka 1969 wakaikuta ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazokimbilia kidonda kabla hakijatunga usaha. Kila mahali ambapo mwili unapakana na dunia, laktoferini ipo mpakani.

Mwanzo ilidhaniwa kazi yake ni kuwanyima bakteria chuma, maana bakteria bila chuma hawazaliani. Ni kweli, ila haikutosha. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani na Uholanzi, kila mmoja kwa wakati wake, waliimwagia laktoferini seli zilizokuwa maabara kisha wakaleta virusi: vya herpesi, vya sitomegalo, na hata vya UKIMWI. Virusi vikashindwa kuingia. Virusi havina haja ya chuma, kwa hiyo lazima ipo mbinu nyingine.

Mbinu yenyewe ni rahisi kuielewa kuliko jina lake. Uso wa seli zetu umeota nyuzi za sukari ziitwazo heparani salfeti, zenye chaji hasi ya umeme. Virusi vingi, kabla ya kupata mlango halisi, hutua kwanza kwenye nyuzi hizo, kama ndege anavyotua kwenye matawi ya nje kabla ya kuingia kiotani. Laktoferini ina chaji chanya. Inakwenda kulala juu ya nyuzi, na kirusi kikija kinakuta matawi yote yamekaliwa. Ikiwa nyingi na ikiwahi, inafanya kazi. Kirusi kikishaingia ndani, imechelewa.

"Ikiwa nyingi" ndilo tatizo la fedha. Dang'a ya mama ina laktoferini kati ya gramu 5 na 7 kwa lita, na hata baadaye maziwa ya kawaida ya mama hubaki na gramu 1 au 2. Ya ng'ombe ina kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Ili upate gramu moja unahitaji lita kumi hivi za maziwa ya ng'ombe, na ukiyatokosa jikoni, sehemu kubwa ya laktoferini inaharibika. (Yatokose tu. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe havichezewi, na laktoferini ya kikombe kimoja haikulipi hasara hiyo.)

Ndipo Waholanzi wakapata wazo la fahali. Tarehe 16 Desemba 1990, mjini Lelystad, alizaliwa dume lililopewa jina Herman. Alipokuwa bado kiinitete kisichoonekana kwa macho, alipandikizwa jeni ya binadamu inayotengeneza laktoferini. Alikuwa wa kwanza wa aina yake katika jamii ya ng'ombe. Mpango ulikuwa kwamba mabinti zake watoe maziwa yenye laktoferini ya binadamu, na maziwa hayo yaingie kwenye makopo na dawa. Utani unajieleza wenyewe: kwa ajili ya maziwa, dunia ilikuwa imempata dume. Bunge la Uholanzi likabishana kama aruhusiwe kuzaa. Akaruhusiwa, na baadhi ya mabinti wakatoa maziwa yenye protini ile, ila kwa kiasi kidogo. Biashara haikusimama. Sheria ikataka Herman achinjwe kwa kuwa jaribio limekwisha, wananchi wakamtetea, akahasiwa akaachwa aishi. Miaka yake ya mwisho alikaa katika makumbusho ya Naturalis mjini Leiden, ambako Aprili 2004, viungo vikiwa vimemkaza kwa maradhi ya mifupa, alidungwa sindano ya kumpumzisha. Ngozi yake ikajazwa na kusimamishwa kwenye maonyesho.

Bila Herman, viwanda vilijifunza kuchuja laktoferini ya ng'ombe kutoka katika yale majimaji ya viwanda vya jibini, na unga wa waridi hafifu ukapatikana kwa wingi. Madaktari wakautazama kwa ajili ya watoto njiti, ambao huzaliwa kabla ya wakati, bila akiba ya kondo na mara nyingi bila nguvu ya kunyonya. Mwaka 2009 Paolo Manzoni na wenzake wakatoa matokeo ya njiti 472, wengi wao katika hospitali za Italia. Kati ya wasiopewa unga, asilimia 17.3 walipata maambukizi ya damu, na kati ya waliopewa ni asilimia 5.9. Waliosoma makala hiyo walisisimka, na mimi nisingewalaumu. Ila hao walikuwa wakipigana na bakteria na fangasi zaidi kuliko virusi, na idadi haikuwa kubwa.

Waingereza wakaurudia mtihani kwa upana. Hospitali 37, njiti 2,203. Mwaka 2019 majibu yakatoka: asilimia 29 ya waliopewa laktoferini waliambukizwa, na asilimia 31 ya wasiopewa. Yaani hakuna kitu. Australia na New Zealand, wakiwa na watoto zaidi ya 1,500, wakapata vivyo hivyo mwaka uliofuata. Huko Peru, Theresa Ochoa na wenzake walikuwa wamewapa laktoferini watoto 555 waliokwisha kuachishwa kunyonya. Idadi ya mara walizoharisha haikupungua. Kilichopungua ni ukali na muda: siku za kuharisha zilipungua, na kukaukiwa maji kulipungua pia. Si muujiza, lakini mama aliyekesha na mtoto anayeharisha anajua tofauti ya siku moja ni nini.

Halafu ikaja korona. Virusi vyake navyo hutua kwenye zile nyuzi za heparani salfeti, kama ndugu zao wa SARS walivyoonyeshwa kufanya miaka kumi nyuma, na laktoferini maabarani ikavizuia. Ilitosha. Nakumbuka dirisha la duka moja la dawa mwaka 2021, vidonge vya "dang'a ya ng'ombe" vimepangwa juu ya kaunta mahali penye tangawizi ya unga, na kijana aliyekuwa mbele yangu akiuliza, "Hii ndiyo ile ya kinga?" Muuzaji akamjibu kwa kichwa tu. Mjini Lima watumishi wa afya zaidi ya 200 walipewa laktoferini au unga usio na kitu, kuona kama itawakinga. Haikuwakinga. Wakati huo huo, New York, Rebecca Powell na wenzake walikuwa wakipima maziwa ya wanawake waliopona korona, na ndani yake wakakuta IgA dhidi ya virusi vile vile, bila kiwanda, bila kaunta.

Lakini hii ni historia ya upande mmoja wa maziwa. Upande wa pili ulitufikia sisi kwa ukali kuliko Lelystad na Göteborg. Mwaka 1985 madaktari wa Australia walieleza habari za mama aliyeongezewa damu baada ya kujifungua. Damu ile ilikuwa na virusi vya UKIMWI, na mtoto, aliyezaliwa kabla mama hajaambukizwa, akaambukizwa. Njia ilikuwa moja tu. Ziwa lile lile lililobeba kinga lilikuwa limebeba virusi.

Nairobi ndiko swali hili lilikopimwa kwa njia ambayo wengi waliona ni ngumu hata kuifikiria. Kuanzia mwaka 1992, Ruth Nduati na wenzake waliwaandikisha wanawake 425 wenye virusi katika kliniki nne za wajawazito. Wote walikuwa na maji safi ya bomba. Kwa kura, nusu walinyonyesha na nusu wakapewa maziwa ya kopo. Baada ya miaka miwili, watoto wa waliopangiwa kunyonyesha walikuwa wameambukizwa kwa asilimia 36.7, na wa kopo kwa asilimia 20.5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 na yakasomwa kila mahali. Namba nyingine ya jaribio hilo hilo ilisomwa na wachache: vifo. Waliofariki kabla ya kutimiza miaka miwili walikuwa asilimia 24.4 upande wa ziwa na 20.0 upande wa kopo, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Virusi vilizuiwa kwa watoto wengi, lakini kifo kilipata milango mingine, na hiyo ni kwa watoto wenye bomba la maji.

Mwaka mmoja kabla, kutoka Durban, Anna Coutsoudis na wenzake walikuwa wameleta jambo lililowakera wengi. Katika wanawake 549, watoto walionyonya maziwa ya mama peke yake hadi miezi mitatu walikuwa wameambukizwa kwa asilimia 14.6. Waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine, uji, maji, kopo: asilimia 24.1. Wasionyonyeshwa kabisa: 18.8. Kunyonya peke yake hakukuwa na hatari zaidi ya kutonyonya. Yaelekea utumbo wa mtoto asiyelishwa kingine unabaki mzima, bila michubuko, na virusi havipati ufa. Bibi aliyempa mjukuu wake maji ya vuguvugu kwa siri, mama akiwa kazini, alikuwa akichubua ukuta huo kwa mapenzi yote.

Botswana walichagua kopo, serikali ikalitoa bure. Mapema mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, na watoto zaidi ya 500 wa chini ya miaka mitano wakafa katika mlipuko wa kuharisha. Wachunguzi walipoingia wodini waliwakuta wengi wao hawanyonyi.

Lipo jambo ambalo hesabu hizi zote zililificha. Mtoto wa mama mwenye virusi asiyetumia dawa humeza maziwa yenye virusi mara kadhaa kwa siku, mamia ya lita kwa mwaka, na bado wengi wao hawaambukizwi. Kitu gani kinawalinda? Mwaka 2013 kundi la Sally Permar, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilitenganisha protini za maziwa ya wanawake wasio na virusi, moja baada ya nyingine, likapata moja inayoshika virusi vya UKIMWI pale pale vinapotaka kushikana na seli. Ni tenasini-C, iliyokuwa ikijulikana zamani kwa kazi ya kuponya vidonda. Hakuna aliyeishuku. Ilikuwa ndani ya maziwa muda wote kliniki za Nairobi zilipokuwa zikipiga kura.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshageuza ushauri: mama ameze dawa za ARV, na anyonyeshe hadi mtoto atimize mwaka. Mwaka 2016 likaongeza muda hadi miezi 24 au zaidi, mradi dawa zisikatike. Katika kliniki nyingi za uzazi za Kenya na Tanzania siku hizi, kabla ya kumwandikia tarehe ya kurudi, nesi humuuliza mama maswali mawili kwa mpigo: umemeza dawa jana usiku, na mtoto ananyonya? Ile miezi 24 bibi wa Pwani hahitaji kuandikiwa. Yeye anaihesabu kwa Sura ya Baqara, miaka miwili kamili.